Maonyesho ya jozi, mkongwe na chipukizi: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yanatufikia kwa simu, kwenye vikao, na mengine tunaulizwa tukiwa tumesimama Mwaloni tunanunua dagaa. Tumeyaweka pamoja ili asiye na muda wa kututafuta apate jibu hapa. Yapo tuliyoyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayoleta ubishi. Mengine ni ya ratiba na taratibu tu.

Kwa ufupi, haya ni maonyesho gani?

Ni maonyesho ya uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na ususi yanayofanyika hapa Mwanza, na hakuna msanii anayeingia peke yake. Kila mshiriki ana mwenzake. Mmoja amekula chumvi nyingi katika kazi hii, mwingine ndiyo kwanza anaanza. Wanafanya kazi pamoja kwa miezi mitatu: kila mmoja anatengeneza kazi yake, kisha wanatengeneza moja ya pamoja. Siku ya ufunguzi kazi hizo tatu zinapangwa jirani. Hatuna ukuta wa wakubwa na ukuta wa wadogo.

Kwa nini jozi? Si mngefanya maonyesho ya kawaida tu?

Mwanza haijawahi kukosa wachoraji. Imekosa mahali pa kuzitunza kazi zao. Waliolipamba jiji hili walichora pale pale mvua inapopiga: ubavuni mwa mitumbwi, kwenye milango ya vinyozi, kwenye kuta za mahoteli, nyuma ya malori. Kazi zao tumezisoma kila siku bila kuuliza ni za nani. Mwenye duka akibadilika, ukuta unapakwa upya na mchoro unakwisha.

Kisha yakaja mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine. Mteja anapeleka maneno yake asubuhi, mchana anaondoka na bango limekunjwa kwapani, tena kwa bei ambayo mchora mabango hawezi kushindana nayo. Wazee wengi waliweka brashi chini wakaenda kulima au kuuza duka. Wakati huohuo kuna vijana wanaochora vizuri sana kwa simu na tableti, wamefundishwa na video za watu wa mbali, na hawajui kwamba nyumba ya tatu kutoka kwao, pale Mabatini, anaishi mtu aliyeandika nusu ya majina ya maduka waliyokulia mbele yake. Maonyesho ya kawaida yangeleta kazi za vijana peke yake, kwa sababu wao ndio wenye cha kuning'iniza. Mzee wa mabango hana mchoro nyumbani. Kazi zake zote zilibaki kwa wateja.

Mkongwe ni nani? Lazima awe na mvi?

Tunahesabu miaka ya kazi, si ya kuzaliwa. Aliyefanya sanaa au ufundi wa mkono kwa miaka 20 au zaidi ni mkongwe, hata kama alianza kushika brashi akiwa na miaka 15 na bado anacheza mpira. Chipukizi ni yule ambaye hajafikisha miaka 5 tangu aanze kuonyesha au kuuza kazi zake. Mwalimu mstaafu aliyeanza kuchora baada ya kupokea kiinua mgongo ni chipukizi, wajukuu wake wawe wangapi. Tunajua katikati hapo kuna watu wengi, wa miaka 5 hadi 19, na wanalalamika kwamba tumewaacha. Ni kweli tumewaacha. Hao ndio tunaowaomba wasimamie jozi, kwa sababu lugha zote mbili wanazisikia.

Cheti hatuulizi. Waliopita Chuo cha Ualimu Butimba wanakaribishwa, na aliyefundishwa na mjomba wake chini ya mwembe anakaribishwa vilevile.

Mama yangu anasuka vikapu. Bibi yangu anafinyanga vyungu. Hiyo mnaihesabu sanaa?

Tunaihesabu, na tunasikitika kwamba swali hili bado linaulizwa. Ukitaka kuona mbali zaidi ya maneno yetu, panda gari la Kisesa ushuke uende Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Yalianzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, pamoja na wenyeji. Pale utakuta ngoma, viti vya watemi na vyombo vya nyumbani vimetunzwa kwa heshima moja. Ingia na kanisani, uone alama za utemi zilivyowekwa mahali pa ibada. Aliyetengeneza vitu vile hakuwa na kadi yenye neno "msanii".

Kinachotupa shida ni kwamba kina mama hawa hawajiandikishi. Ukimwuliza bibi kama ni msanii atacheka, atakwambia yeye anatengeneza vyungu tu. Mara nyingi anayejaza fomu ni mkwe au mjukuu. Hilo tunalikubali, ila tutakwenda kumwona mwenyewe ili tusikie kwa kinywa chake kwamba anataka. Tulishaletewa bibi ambaye familia ilimsajili bila kumwuliza.

Mapambo ya mitumbwi nayo yamo. Mafundi wanaoandika majina ya mitumbwi na kupaka michoro ya mbele ni wachoraji, na baadhi yao wana mkono uliotulia kuliko wetu sote, kwa sababu wamezoea kuchora kwenye ubao uliopinda.

Mnapangaje nani akae na nani?

Tunaita siku moja ya kukutana. Kila mtu anakuja na kazi moja, au picha ya kazi, bila jina. Tunazitandaza sakafuni, watu wanazunguka taratibu, halafu kila mmoja anaandika kazi mbili ambazo angependa kumjua mwenyewe. Kamati inakaa na karatasi hizo. Pale ambapo wawili wamechaguana, kazi imekwisha. Pale ambapo hawakuchaguana, tunatafuta tofauti ya mikono badala ya kufanana: mwandishi wa mabango na anayechora kwa tableti, mfinyanzi na kijana anayeunda sanamu kwa nyavu zilizochakaa.

Ndugu hatuwaweki pamoja. Mjomba na mpwa tayari wana namna yao ya kuzungumza, na katika namna hiyo mmoja ndiye anayesikiliza siku zote. Kabila hatuliangalii. Wiki mbili za mwanzo mtu yeyote anaweza kusema "hapa sipawezi" na tutambadilishia bila kumwuliza sababu. Baada ya hapo tunaomba mvumiliane.

Kwa hiyo huyu mkongwe ndiye mwalimu wangu?

Atakufundisha, ndiyo, lakini hakuwekwa nawe kama mwalimu.

Hapa tunapenda kukumbusha habari ya Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa 1932 kusini, upande wa Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya ubao wa dari kwa rangi ya baiskeli. Alikusanya ndugu na vijana wachache wakakaa naye wakijifunza kwa kutazama na kusaidia. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Kazi ingeweza kuzikwa naye, lakini wale vijana waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Ni nguvu ya ajabu ya kujifunza bega kwa bega.

Lakini mafunzo ya namna hiyo yana gharama yake. Kwa kuwa shabaha ilikuwa kufanana na mkubwa, mnunuzi wa kawaida kwa miaka mingi hakuweza kutofautisha mkono wa huyu na wa yule, na wachoraji wazuri wakabaki bila jina mbele ya jina moja kubwa. Sisi tunalitaka lile la kwanza bila hili la pili. Ndiyo maana chipukizi haruhusiwi kuleta kazi ambayo ni nakala ya mkongwe wake, hata kama mkongwe mwenyewe ameipenda. Hasa kama ameipenda.

Nitamkosoaje mtu ninayemwamkia shikamoo?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na vijana huliuliza kwa sauti ya chini wazee wakishaondoka.

Tabia yetu tunaijua. Kijana anaweza kukaa mwezi mzima akisema "ni nzuri, mzee" huku moyoni anaona kabisa mkono wa yule mvuvi kwenye picha umeota begani vibaya. Mzee naye anajua anadanganywa, ila hana namna ya kuuliza bila kujishusha. Kazi inatoka na kasoro ambayo watu wawili waliiona.

Hatujaondoa shikamoo na hatuna mpango huo. Tumeweka utaratibu tu. Kila wiki wawili wanaziweka kazi zao ukutani na kila mmoja anajibu maswali matatu kuhusu kazi ya mwenzake: umeona nini kwanza, jicho limekwama wapi, na ungeondoa nini? Mkongwe anaanza kujibu kuhusu kazi ya chipukizi. Akimaliza, ni yeye mwenyewe anayesema, "Haya, na yangu?" Lazima aseme yeye. Akishaomba, kijana anayejibu hajamvunjia mtu heshima. Na mtashangaa jinsi "mzee, hapa jicho langu linakwama" linavyomezeka kuliko "mzee, hapa umekosea".

Kulikuwa na jozi ya fundi wa mabango na binti anayechora vibonzo kwenye tableti. Siku za mwanzo fundi ndiye aliyekuwa mkali. Alimwambia binti herufi zake hazipumui. Akachukua uzi, akausugua chaki ya bluu, akampa binti ashike ncha moja, akauvuta na kuuachia ukapiga ubaoni, tap, mstari mnyoofu kuliko rula. Halafu akamwonyesha jinsi ya kuhesabu herufi za neno na kuanza kuchora kutoka katikati kwenda pembeni, ili neno lisije likabanwa mwishoni kama abiria wa kiti cha nyuma cha daladala. Akamfundisha kuegemeza mkono kwenye fimbo iliyofungwa kitambaa kichwani, mkono usiguse rangi mbichi. Binti alijaza daftari.

Wiki iliyofuata zamu ikageuka. Binti akamwambia kwamba wavuvi wake wote wana uso mmoja. Mzee akakataa. Binti akatoa simu, akapanga picha za mabango yake ya zamani moja baada ya nyingine: mvuvi, kinyozi, mpishi, bwana harusi. Uso uleule, pua ileile, miaka nenda rudi. Mzee alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akasema wateja hawakuwahi kulipia uso. Kazi aliyoionyesha ukumbini ilikuwa nyuso za majirani zake, na hakuna mbili zinazofanana.

Kwa upande wa pili, mkongwe haruhusiwi kusema "hii si sanaa". Aseme jicho limekwama wapi, kama wengine wote.

Lazima tuchore mambo ya wageni wanunue? Wanyama, Wamasai, tingatinga?

Hapana. Kama hiyo ndiyo kazi yako na unaipenda, lete. Kama unaleta kwa sababu umesikia watalii wa Serengeti wanapita Mwanza, fikiri tena. Tembo mbele ya Mlima Kilimanjaro anapatikana Arusha kwa bei nafuu kuliko yako.

Na Bismarck Rock, jamani. Lile jiwe lina jina la chansela wa Ujerumani, limesimama majini pale Kamanga, na kila mchoraji wa Mwanza amelichora angalau mara moja, sisi tukiwemo. Hatujalipiga marufuku. Tunachoomba, ukilichora, utuonyeshe kitu ambacho kadi za posta hazijatuonyesha. Mtu aliwahi kulichora kwa nyuma, akatazama kile ambacho jiwe linakitazama. Ilipendeza.

Kuna mada mlizokataza?

Hakuna orodha. Watoto wa shule wanakuja, kwa hiyo tunazungumza na jozi kabla ya kuning'iniza. Jambo moja tu tumeliwekea utaratibu wake, nalo ni ajali ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996.

Kila awamu kuna mkongwe anayetaka kuichora. Hatuwezi kumzuia, wala hatutaki. Meli ilizama karibu kabisa na nyumbani, mamia ya watu wakafa, na wengi wamezikwa Igoma, ambako kuna mnara wa kumbukumbu. Chipukizi wengi walizaliwa baada ya siku hiyo, wanaijua kama tarehe tu. Jozi za aina hiyo zimewahi kutoa kazi nzito kuliko zote: mmoja anakumbuka foleni ya watu waliosimama wakisubiri kutambua ndugu zao, mwingine anauliza maswali ambayo watu wa wakati huo hawakuthubutu kuulizana. Tunachoomba ni viwili. Msichore miili. Na kabla ya kuonyesha, mmtafute mtu mmoja aliyepoteza ndugu, aione kazi kwanza, na akisema hapana, tunakaa chini tena.

Vifaa vinapatikana wapi? Mimi sina hela ya kanvasi.

Wengi wetu hatuna. Kanvasi iliyokwisha tengenezwa ni ghali na mara nyingi inaagizwa kutoka Dar es Salaam. Nunua kitambaa cha marekani kwenye maduka ya vitambaa mjini, fundi seremala akupigie fremu, ukivute na kukigongomea kuanzia katikati ya kila upande kwenda kwenye kona. Changanya rangi nyeupe ya maji ya ukutani na gundi ya mbao, paka mkono wa kwanza, iache ikauke, piga msasa laini, paka wa pili. Wakongwe wanajua haya kwa macho yaliyofumbwa, waulizeni.

Kuna mambo matatu yanayoharibu kazi sana hapa kwetu.

La kwanza ni kuchanganya rangi. Ukishapaka rangi ya mafuta, usije juu yake na rangi ya maji. Itaonekana imeshika, na baada ya muda itabanduka vipande vipande.

La pili ni unyevu wa ziwa. Hadibodi inavimba kuanzia kingoni, kwa hiyo paka rangi mgongoni na kwenye kingo zote, hata kama hakuna atakayeona.

La tatu wageni hawaliamini mpaka wawaone: wadudu wa ziwani. Wanapanda kutoka majini kama moshi na usiku wanafuata taa. Ukipaka vanishi jioni, dirisha wazi na balbu inawaka, asubuhi utakuta picha yako imeota manyoya. Kuwatoa ni balaa, maana kila mmoja anang'oka na rangi yake. Vanishi ipakwe asubuhi.

Kwa wasiojiweza tuna akiba ndogo ya marekani, brashi na rangi za msingi. Chipukizi anapewa kwanza, na mkongwe aliyeacha kazi siku nyingi anapewa sawa naye. Fomu haina swali la kipato. Ukisema huna, huna.

Kazi iwe na ukubwa gani?

Ya ukutani isizidi mita moja na nusu upande mrefu. Sanamu na vyungu, mradi watu wawili waweze kubeba. Video na michoro ya kidijitali inapokelewa, ila ulete na kifaa cha kuonyeshea, au ichapwe.

Kuna ada? Kiingilio je?

Hakuna. Si kwa msanii, si kwa mtazamaji.

Bei ya kazi anapanga nani?

Msanii. Lakini tunakaa naye kwanza, kwa sababu tumeona mambo yanavyokwenda. Mkongwe anapiga hesabu ya kibarua: siku alizofanya, rangi aliyotumia, basi. Anakuja na bei ambayo hata nauli ya mnunuzi inaizidi. Chipukizi ameona mtandaoni mchoro wa mtu fulani umeuzwa dola elfu kadhaa, naye anaanzia hapo. Ukizitundika hizo bei mbili jirani, mzee anadhalilika na kijana anachekwa.

Tunaanza na gharama za vifaa. Tunaongeza siku za kazi kwa kiwango kimoja kwa wote wawili, maana siku ya mzee si rahisi kuliko ya kijana. Kisha ukubwa, kisha msanii anaongeza anachoona kinastahili, na hapo hatumwingilii tena. Bei inaandikwa kwa shilingi kwenye kikaratasi, na ni hiyohiyo kwa kila mtu. Hakuna bei ya mzungu.

Kuomba punguzo si dhambi, ndivyo tulivyolelewa. Omba mara moja, kwa msanii mwenyewe, na akikataa usimwambie kwamba hata mwanao angeweza kuchora. Malipo yanakwenda moja kwa moja kwenye namba ya msanii. Asilimia 15 anairudisha kwenye mfuko wa vifaa. Kazi ya pamoja inagawanywa nusu kwa nusu, isipokuwa kama wawili waliandikiana vingine kabla haijauzwa.

Kazi ya pamoja anasaini nani? Hakimiliki ni ya nani?

Wote wanasaini, kwa ukubwa uleule wa herufi. Ubishi wa nani akae juu tuliumaliza kwa kufuata alfabeti.

Kuhusu sheria, Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kwa sheria hiyo hakimiliki inazaliwa pale kazi inapotengenezwa. Huhitaji kusajili ndipo iwe yako, ingawa kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia sana siku ukienda kudai. Inadumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kazi ya wawili, miaka hiyo 50 inaanza kuhesabiwa akifariki wa mwisho. Wazee wakisikia hili huwa wanawageukia wenzao na kuwaambia waishi sana.

Kumbukeni pia kwamba aliyenunua picha amenunua kitu, hajanunua haki ya kukichapa. Mwenye hoteli akitaka mchoro wako kwenye menyu au fulana za wafanyakazi, hayo ni mapatano mengine na malipo mengine. Yaandikwe.

Lazima niwe nimesajiliwa BASATA?

Ili kushiriki kwetu, hapana. Kibali cha maonyesho tunakishughulikia sisi kupitia kwa afisa utamaduni. Lakini ukitaka kuifanya kazi hii iwe riziki yako, jisajili. Baraza la Sanaa la Taifa ndilo lenye dhamana ya sanaa nchini, na mashirika mengi yatakuuliza namba yako kabla ya kukupa kazi.

Je, jozi inaweza kuomba mkopo wa halmashauri?

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na kwa kawaida inatolewa kwa vikundi. Jozi peke yake haitoshi. Na mkongwe mwanamume aliyepita umri wa ujana na asiye na ulemavu hana fungu hapo, jambo ambalo tunaona lina kasoro, lakini ndilo lililopo. Vijana na kina mama wa awamu zilizopita wameanza kuungana kutengeneza vikundi vyao. Waulizeni maafisa maendeleo ya jamii wa kata.

Natoka Ukerewe, Sengerema au Bukoba. Mnanipokea?

Tunakupokea. Wa Ukerewe wanavuka kwa kivuko kutoka Nansio, wa Bukoba kuna meli. Kwa wa Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, karibu kilomita 3 juu ya maji. Zamani mtu alikaa kwenye foleni ya kivuko na sanamu mapajani. Kwa walio mbali, jozi zinakutana mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki, na siku nyingine mnaonyeshana kwa simu ya video.

Ukisafirisha mchoro wa kitambaa, utoe kwenye fremu uukunje uwe bomba, rangi ikiwa upande wa nje. Watu wengi hukunja rangi ndani wakidhani wanaikinga. Ndani inabanwa na kupata makunyanzi, nje inanyooka tu.

Nina watoto wadogo. Vikao ni saa ngapi?

Jumamosi alasiri. Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi hatukutani. Njoo na watoto, kuna mkeka, karatasi na kalamu za rangi.

Mshindi anapata nini?

Hakuna mshindi. Swali hili tunalielewa, maana huku kwetu ushindani una mizizi. Wasukuma wana Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu enzi za waanzilishi wao, Ngika na Gumha, na anayeshinda ni aliyevuta umati mkubwa. Ukienda kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo mwezi Juni utaona watu wakihama kutoka duara moja kwenda jingine, mchezaji anabeba nyoka, mwingine anarusha jembe, mradi watu wasiondoke. Ni burudani isiyo na mfano, na ngoma imeimarika kwa ajili ya ushindani huo.

Katika jozi ushindani unaharibu. Tulipofikiria kutoa zawadi kwa kazi bora, wakongwe walisema wazi kwamba wangeficha baadhi ya mbinu mpaka matokeo yatangazwe. Tukaachana nalo.

Naruhusiwa kupiga picha? Kugusa?

Piga picha bila mwanga wa flashi, na ukiweka mtandaoni taja majina yote mawili. Vikapu na vyungu vilivyo kwenye meza ya mbele vimewekwa ili vishikwe. Vingine usiguse.

Kazi zisizouzwa zinakwenda wapi?

Zinarudi kwa mwenyewe ndani ya wiki mbili baada ya kufunga. Uje na mtu wa kukusaidia kubeba na karatasi uliyopewa siku ya kuleta, kwa sababu hatutoi kazi kwa maneno, hata kama tunakufahamu. Kazi ya pamoja ndiyo yenye utata, kwani haigawanyiki. Kwa kawaida inakaa kwa mkongwe miezi sita, kisha inahamia kwa chipukizi, na siku mteja akitokea popote ilipo, aliyenayo anampigia mwenzake kabla ya kukubali bei. Wapo waliokata shauri kuiacha kwa mkongwe moja kwa moja. Wengi wao ni wale wa mabango, waliokuwa hawana hata mchoro mmoja wa kwao ndani ya nyumba.